Mijusi Wawili Dirishani kwa Mpima Macho

Jumapili, 2 Juni

Siku njema. Kipara kimeungua, goti limechubuka, nimerudi mkono mtupu. Lakini nimerudi, na kwa hilo nashukuru.

Asubuhi nilikwenda vilima vya mawe nje ya mji kutafuta mijusi wa jangwani. Si hawa wa ukutani wanaotoka giza likiingia. Hao ninaowataka huamka na jua, hukaa juu ya jiwe la moto kifua mbele kama walinzi, na hawana kope. Vumbi likiwaingia machoni hulipangusa kwa ulimi! Nilisoma habari zao kwenye gazeti la zamani lililofungiwa lenzi zangu, nikasimama palepale na lenzi mkononi. Mnyama anayejisafisha macho mwenyewe, dirishani kwa mpima macho. Tangazo gani linazidi hilo?

Haraka yote hii imeletwa na fundi saa, jirani yangu wa mlango wa pili. Ameweka bakuli la samaki wekundu dirishani kwake. Wapita njia wanasimama, wanatabasamu, wanaingia. Kwangu wanatumia kioo cha dirisha kujitengeneza nywele.

Vilimani niliwaona. Wawili, labda watatu. Ninapoinua wavu, jiwe tupu. Ninapoushusha, mjusi yuko juu ya jiwe lilelile ananitazama bila kupepesa (hana cha kupepesa). Nikajilaza kwenye mwamba nikijifanya mwamba. Hapo ndipo kipara kilipoungua.

Jioni nilipofungua mkoba jikoni akachomoka mjusi! Nilipiga kelele ya furaha. Mke wangu akamtazama vizuri, akasema huyo ni mjusi kafiri wetu, anayekaa nyuma ya kabati la vyombo, anamfahamu kwa ule mkia wake mfupi. Nimembeba kutwa nzima na kumrudisha kwao.

Mke wangu alinipaka mafuta kichwani na hakucheka mpaka alipofika chumbani. Nashukuru kuoa mtu mstaarabu.

Jumatatu, 3 Juni

Wateja wachache. Fundi saa alikuwa na watu hadi mlangoni. Nilipita mara kadhaa kwenda kununua vitu nisivyovihitaji, kusudi nione. Samaki mmoja alikuwa anapiga miayo. Watu wanashangilia miayo!

Karani wa posta alikuja kukaziwa mkono wa miwani. Nikamsimulia habari ya vilima. Akasema mjinga mwenzangu pia aliwahi kwenda kule (alitumia neno "mwenzako" tu, lakini nilimwelewa), na kwamba mijusi wa porini huachwa porini. Yuko mkunga mstaafu anayefuga wa jangwani nyumbani kwake, wanaozaliwa humohumo ndani. Huwapa watu, akiwapenda.

Nikauliza ni mijusi anaowapenda au watu. Karani akasema hiyo ndiyo shida, watu.

Nilimkazia mkono wa miwani na kumsafishia lenzi juu yake. Habari nzuri kama hii haina malipo.

Jumatano, 5 Juni

Nimewapata!

Mkunga ni mama mfupi, mnyoofu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu wasukume. Chumba chake cha nyuma kimejaa matangi ya vioo, kila moja na taa na mawe yake. Hakunikaribisha kiti. Aliniuliza maswali kama nimekuja kuposa. Ninakaa wapi. Nani yuko dukani mchana. Kama nina hasira za haraka. Kama nyumbani tunaelewana.

Akauliza kama tangi langu liko tayari, lina upande wa joto na upande wa ubaridi. Nikasema lipo, tena lina wiki mbili limewashwa taa. Tangi hilo lilikuwa bado ni kabati la kioo la fremu za zamani. Nikajikaza kisabuni. Akanitazama muda mrefu. Kwa kazi yangu najua mtazamo wa mtu anayeona vizuri sana.

Hata hivyo akanipa. Dume na jike, warefu kama kidole changu cha kati, rangi ya jiwe, miguu mirefu, macho meusi ya mviringo. Masharti: taa isizimwe mchana. Matone ya maji yanyunyizwe mawe kila asubuhi, kwa sababu hawa hulamba, hawanywi kwenye kisahani. Wadudu wadogo walio hai, waliopakwa unga wa chokaa ya mifupa. Kifuniko kibanwe pande zote. Na wasishikwe kamwe.

"Ukimkamata, mwanangu, atakuachia mkia mkononi na kukimbia," alisema. "Mkia utaota mwingine. Imani haioti."

Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuwakagua. Akikuta mambo ovyo anawachukua wote wawili.

Jioni tulifanya kazi na mke wangu hadi kabati likawa tangi kweli. Yeye ndiye aliyekata wavu wa juu, yeye ndiye aliyepanga mawe. Mimi nilitoa maelekezo. Dume nimemwita Lenzi, jike Fremu. Lenzi alipanda jiwe la juu, akatoa ulimi, akajipangusa jicho la kulia, kisha la kushoto. Nilitaka kumkumbatia mtu. Mke wangu alikuwa karibu.

Ijumaa, 7 Juni

Mijusi wako dirishani tangu alfajiri. Nimesimama nyuma ya pazia kuhesabu watakaovutiwa.

Hawaonekani.

Sisemi wamejificha. Wamekaa waziwazi, juu ya mawe, kwenye mwanga. Lakini wana rangi ya mawe! Mwanamke mmoja alisimama, akachungulia, akamwambia mwenzake kwamba siku hizi hapa wanauza kokoto. Mwanamume mwingine aliingia kuuliza bei ya lile jiwe la katikati.

Ng'ambo ya ukuta, samaki wekundu wanaonekana hata ukiwa umefumba macho.

Kabla ya mchana fundi saa mwenyewe alikuja. Nilijiandaa kwa kejeli. Yeye ni mtu mzima, kanizidi umri kwa mbali, na huniita "Daktari" kwa namna inayoniacha nikijiuliza. Alisimama mbele ya tangi mikono nyuma. Akasema anawaona wote wawili. Wazuri sana. Yule wa juu hasa, kainua mkia.

Mtu wa kwanza kuwaona siku nzima! Na ni yeye. Ilinibidi nimshukuru. Nilimshukuru kwa kweli, ingawa ilipita kooni kama kidonge kikavu.

Jumamosi, 8 Juni

Sina hakika kama niandike kwa wino au kwa machozi ya furaha.

Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana alisimama dirishani, akaingia moja kwa moja, akaniambia kwa upole wa walimu kwamba kuweka tangi tupu na kuandika "Mijusi wa Jangwani" ni kudanganya umma. Nikamwonyesha Lenzi kwa kidole. Hakuona kitu. Nikamwonyesha Fremu. Jiwe, alisema. Nilikuwa nimeshika fremu ya majaribio, ile nzito ya kubadilishia lenzi. Nikamvisha, nikaweka lenzi moja, nikaongeza nyingine.

Akasema taratibu: "Huyu ananitazama."

Kumbe tangu zamani mwalimu mkuu anaona ukungu na anadhani dunia ndivyo ilivyo. Aliuliza kama majani ya miti nayo yanaonekana moja moja. Nikamtoa nje akatazama mti ulio kando ya barabara. Tulisimama pale sote wawili. Yeye kwa ajili ya majani, mimi kwa ajili ya wazo lililokuwa linanijia.

Tangazo jipya limebandikwa: MIJUSI WAKO WAWILI. KAMA HUWAONI WOTE, INGIA NDANI.

Jumanne, 11 Juni

Wanaingia! Foleni imefika kwa fundi saa na kuziba samaki wake. Naandika haya nikitafuna mkate kwa mkono mmoja.

Kuna mapungufu madogo. Nyenje niliowanunua kwa chakula cha mijusi walitoboa boksi na sasa wanaimba nyuma ya ubao wa herufi. Mzee mmoja aliuliza kama siku hizi napima na masikio. Nikamwambia huduma hiyo iko njiani.

Pia wengine wanawaona mijusi upesi mno na kuondoka zao wakicheka. Hilo halinisaidii. Lakini wengine hawawaoni hata nikiwavisha lenzi kali kiasi gani, na hilo halinisaidii pia. Nikafikiri: labda wakae mahali pazuri zaidi. Nikafungua kifuniko, nikaweka sahani ya njano ya plastiki kwenye upande wa joto, wakae juu yake. Lenzi alikimbilia chini ya jiwe. Fremu aliitazama sahani kama mgeni aliyekuja na mizigo mingi. Nikaitoa. Nikafunika. Mteja alikuwa anaita.

Mke wangu alipita kuniletea chai. Akasema lile tangazo halimpendezi, kwa sababu mjusi anaweza kulala chini ya jiwe na mtu mwenye macho mazima akaambiwa ni mgonjwa. Nilimweleza kwamba mijusi hawa ni wa mchana, hawalali mchana, ni sayansi. Alisema sawa kwa sauti yake ile ambayo maana yake si sawa.

Nashukuru anavyonijali. Tangazo limebaki.

Alhamisi, 13 Juni

Leo asubuhi nilijipiga kifua. Sasa ni jioni, sina kifua cha kupiga.

Tangu jana mji mzima macho mabovu. Sijawahi kuona ugonjwa wa namna hii. Kila anayesimama dirishani anaona mjusi mmoja tu. Msichana anayeuza vitambaa, mmoja. Dereva wa basi la shule, mmoja. Askari wa barabarani, kijana ambaye anasoma namba za magari kutoka mbali, alitazama na kutazama, akasema mmoja. Nikampima. Herufi zote alizisoma hadi mstari wa chini, akasoma na jina la kiwanda kilichochapa ubao. Nikamwambia kuna udhaifu ambao ubao hauuoni. Nikamwagizia miwani. Akanishukuru!

Fundi saa peke yake ndiye aliyewaona wote. Alikuja mapema kama kawaida yake, mikono nyuma, akasema Fremu leo yuko jiwe la juu na mkia kaukunja vizuri. Nilimwambia ana macho ya tai. Akafurahi mno, akarudi kwake akipiga mluzi.

Nilipokuwa nafunga duka nilinyunyiza maji. Lenzi akaja kulamba. Fremu hakuja. Nikainua jiwe la kwanza. La pili. Nikainua yote.

Pembe moja ya kifuniko haijabanwa. Ni ile niliyoingizia sahani.

Fremu hayumo. Hayumo tangu juzi.

Ijumaa, 14 Juni

Duka limefungwa. Tumetafuta mimi na mke wangu tangu asubuhi. Droo za fremu, visanduku vya miwani kimoja kimoja, nyuma ya ubao (nyenje tu, na furaha yao), chini ya zulia. Nilitambaa sakafuni na taa ya kupimia macho. Mdogo vile, na bila joto wala maji hatamaliza siku nyingi. Nilimwona akilini amekaa mahali fulani anajipangusa jicho, ananingoja. Nililia kidogo nyuma ya mashine. Mke wangu alijifanya hakuona, kisha akanipa leso.

Halafu akaketi na kuniambia mambo mawili.

La kwanza nilikwishalijua nikawa nalikwepa. Wale wote niliowaambia macho yao mabovu waliona sawasawa. Mjusi alikuwa mmoja! Askari ana macho mazima kuliko yangu. Mke wangu alisema Jumatatu nitawaita mmoja mmoja, nitawaambia ukweli, nitafutilia mbali miwani yao, na kwamba hataki kusikia neno "sayansi".

Nilikubali. Kisha nikaanza kucheka, kwa sababu lilinijia jambo. Fundi saa! Jana kaona mjusi ambaye hayupo, eti kakunja na mkia! Muongo mkubwa. Kumbe hata siku ya kwanza alikuwa anabahatisha tu. Nilitembea chumba kizima nikishangilia. Nilikuwa tayari kumwambia kila anayepita.

Mke wangu hakucheka. Hapo akasema la pili. Mwezi uliopita alimpelekea fundi saa ile saa yake ya mkononi, ya marehemu mama yake. Ilirudi imekwama vilevile. Akaipeleka tena, ikarudi vilevile, na kioo kina mkwaruzo. Hakuniambia kwa kuwa alijua ningeifanya wimbo. Akasema fundi saa alipokuwa anamrudishia, alimpa akiwa ameielekeza kidogo pembeni ya mkono wake.

Nikakaa chini.

Mwanamume anakuja kila siku kutazama tangi asiloliona. Anasema kile anachodhani kinatakiwa kuonekana. Na mlango wa pili tu yupo mpima macho, na hathubutu kuingia, kwa sababu mpima macho mwenyewe ni mimi.

Huyu ndiye aliyenisemea kwa mwenye nyumba nilipokuwa sina mdhamini, nikapata chumba hiki cha duka. Nimekuwa nikisahau hilo kila ninapoona samaki.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya mkunga. Fremu bado.

Naomba ieleweke nilikuwa mtu aliyebanwa. Nilirudi nyumbani alfajiri, nikasogeza kabati la vyombo, nikamtega mjusi kafiri wetu kwa mtungi, nikampeleka dukani na kumweka tangini. Nilimpaka vumbi la jiwe kidogo mgongoni. Kwa mbali alikuwa Fremu kabisa. Kwa mbali sana.

Mkunga alifika, akaweka mkoba wake, akainama. Mjusi kafiri alikuwa amebandika miguu kwenye kioo, kichwa chini, tumbo lake jeupe mbele ya pua ya mkunga. Akafumba na kufungua mdomo. Mkunga naye.

Alinigeukia. Nilikuwa nimetayarisha maelezo kuhusu kubadilika kwa jike akipata joto. Hakuyangoja.

"Na wewe ndiye unayepima macho ya watu," alisema.

Nikamwambia yote. Kabati, wiki mbili za uongo, sahani ya njano, pembe ya kifuniko, askari. Niliposema nimetafuta kila mahali na sikulala, sauti yangu ilifanya jambo ambalo sikuiruhusu. Nilitoa boksi nikamwambia amchukue Lenzi, ni haki yake.

Alimtazama Lenzi kwa muda. Mawe yana unyevu, alisema. Kanenepa. Anang'aa. Kumbe kumtunza nilijua, nilichoshindwa ni kuacha kumtumia. Akasema mjusi wa jangwani hapotei kwa kupenda giza. Atafuata joto na mwanga, kwa hiyo nisitambae tena chini ya makabati, nitazame juu, penye taa. Akamwacha Lenzi. Na mimi pia akaniacha salama, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Alimchukua mjusi kafiri na kumtoa nje ukutani kwa mkono mtupu. Alisema huyo ameteseka vya kutosha.

Sijui nimefanya nini maishani mpaka nikakutana na watu kama hawa. Nikikumbuka nitaandika.

Jumatatu, 17 Juni

Nimejaribu kuandika tangu nilipofika nyumbani. Furaha inaniinua kitini kila nikianza.

Asubuhi niliwaita wateja. Askari alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama kudanganya mtu kuhusu mjusi ni kosa, akasema ataangalia. Kisha akacheka mpaka akashika mlango. Msichana wa vitambaa alisikitika. Alikuwa ameshapenda fremu. Nikampa fremu yenye vioo vitupu.

Halafu fundi saa. Nilikuwa na mpango. Nilikwenda nikamwambia mashine yangu ya kupimia imeyumba, nahitaji mtu mwenye jicho la uhakika aketi mbele yake ili niirekebishe, na mjini hapa sijui mwingine ila yeye. Nilijiona mjanja sana.

Alikuwa na saa wazi mezani na kile kioo cha kukuzia amekibana jichoni. Akakitoa. Akapapasa meza kutafuta parafujo iliyokuwa mbele yake waziwazi, karibu na kidole chake. Hakuipata. Nilitaka kumsogezea nikaogopa.

"Ndani ya hiki kioo naona," alisema. "Nikikitoa, meza yote ni maziwa. Saa siku hizi natengeneza kwa kusikiliza tu, Daktari. Zinazokubali zinakubali."

Nikamwambia mimi si daktari. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Nikamwambia pia kwamba Alhamisi Fremu hakuwepo.

Akainamisha kichwa. Nikafikiri amekasirika. Kumbe alikuwa anaona haya. Akasema watu walikuwa wanafurahi sana pale dirishani, akaona vibaya kuwa yeye peke yake asiyeona kitu, na mkewe akimwuliza jioni akose cha kumsimulia. Nikamwambia mimi nilimwandikia askari miwani. Akaniuliza askari yupi. Nikamweleza. Bega lake likaanza kutikisika, na langu pia, tukacheka hadi samaki wakakimbilia upande wa pili wa bakuli.

Alikuja. Aliketi kitini kwangu kama mtu aliyekuja kung'olewa jino. Nikampima taratibu kuliko nilivyowahi kumpima mtu yeyote. Macho yake hayana ugonjwa, ni umri tu na ukaidi. Lenzi hii, toa. Hii, bora. Hii? Alisoma mstari wa tatu. Wa tano. Mstari wa chini aliusoma mara mbili, mara ya pili kwa raha zake.

Nikawasha taa ya kile kioo kikubwa ambacho wateja hujitazamia, ajione. Hakujitazama. Alitazama juu ya kioo, kwenye kishikizo cha balbu, akainua kidevu.

"Na yule naye ni wako?" akauliza. "Yule aliyekunja mkia."

Fremu! Juu ya kishikizo cha taa, mahali nilipopita kichwa kimeinama hadi Jumamosi, na tangu Jumamosi nikikodolea taa za darini tu. Mwembamba, vumbi tele, lakini kifua mbele. Akatoa ulimi, akajipangusa jicho.

Mimi ningemrukia. Fundi saa alinizuia kwa mkono. Akachukua mtungi na brashi yake ya kufutia saa, akapanda kiti na ile fremu nzito ya majaribio usoni, akamsukuma taratibu, hatua kwa hatua, hadi mjusi akaingia mwenyewe. Mkia mzima.

Tulimrudisha tangini na kunyunyiza maji. Alilamba, akalamba, akalamba. Lenzi alishuka kutoka jiwe la juu akaja kukaa karibu naye. Wanaume wawili tulisimama pale tukitazama, mikono nyuma, na safari hii sote tuliwaona wawili.

Alhamisi, 20 Juni

Miwani ya fundi saa imekamilika. Niliikata mwenyewe, sikumwachia mtu. Aliivaa, akarudi kwake, na kabla ya mchana saa ya mama mkwe wangu ilikuwa inatembea. Mke wangu aliiweka sikioni, kisha akaiweka sikioni kwangu.

Tangazo limeondolewa. Mkunga alipita, akamkagua Fremu mkia hadi pua, akaniambia nimefaulu kwa shida. Mwalimu mkuu kaleta wasichana wake wawatazame mijusi, na aliwaambia wasimame kimya mpaka macho yazoee. Walizoea. Kila mmoja alipomwona mjusi alishika mkono wa mwenzake.

Nina mke, nina jirani, nina mijusi. Nimekuwa mtu mwingine kabisa. Nimeacha ujanja, nimeacha kushindana, nimejua kwamba mnyama si bango la biashara. Nayaandika haya kwa herufi nzuri ili nisisahau.

Kwa bahati tu, karani wa posta amepita jioni. Anasema binamu yake ana mnyama wa kumtoa, mpole, haumi, hakimbii, hutembea polepole hata mtoto anaweza kumfuata. Nikamwambia nimeacha mambo hayo. Akasema ni kinyonga.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu kabisa. Mijusi ni wazuri, lakini kosa lao ni moja, wana rangi ya mawe. Kinyonga ana rangi zote! Ukimweka kwenye majani anakuwa kijani. Ukimweka kwenye ubao anakuwa kahawia. Watu watamwona tangu ng'ambo ya barabara. Fundi saa nimemwambia, amesema atasaidia kutengeneza tangi. Mke wangu sijamwambia.

Dirisha nimeshalipima. Namshukuru Mungu, hatimaye nimepata mnyama asiyeweza kufichika.